Samaki Mgeni katika Maji ya Ruaha

Wako watu wasemao ya kwamba kuvua kwa inzi wa bandia ni ustaarabu, na kuvua kwa mgono ni njaa tu. Kwa kauli yao, mto wa Nyanda za Juu za Kusini haujawa mto kamili mpaka utiwe samaki wa kutoka kaskazini, ili wageni wapate mchezo. Kauli hiyo imekosea mara mbili: imekosea habari ya sanaa yenyewe, tena imekosea habari ya mto.

Itazamwe kwanza sanaa. Samoni huzaliwa katika mito ya baridi, kama vile Spey na Tay ya Uskochi au Miramichi ya Kanada. Huenda baharini akakua, kisha hurudi mtoni kwao ili atage mayai. Akiisha kuingia mtoni, hali chakula tena. Huishi kwa mafuta ya mwili wake. Mvuvi basi amtegea samaki asiye na njaa. Ufundi wa inzi mkavu ni kufunga manyoya na nyuzi juu ya ndoana hata ikaelea, kisha kuitupa ishuke na mkondo bila kuburutwa na mshipi. Mwaka 1924 Mmarekani George La Branche alitoa kitabu kizima juu ya kumvua samoni kwa njia hiyo. Ufundi huo haukujengwa kwa ufito wa bei ghali, bali kwa kuutazama mto: wapi maji yazunguka, wapi samaki apumzika, mdudu gani aruka saa gani.

Je, waigaji wameiga nini? Mwaka 1905 trauti, jamaa ya samoni, walitiwa katika mto Gura huko Kenya. Katika enzi ya Mwingereza walitiwa pia katika vijito vya Mufindi, karibu na mashamba ya chai, na wageni huwavua huko hata leo. Aliyeigwa ni samaki, mvuvi hakuigwa.

Watetezi watajibu ya kwamba trauti huleta wageni, na wageni huleta fedha. Ni kweli. Lakini sangara naye alileta fedha. Alitiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Viwanda vikajengwa, minofu ikapelekwa Ulaya, na aina nyingi za furu zikatoweka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga; kwa mgeni huyu mwenyeji hakupona. Nao trauti wa aina mbili, yule wa Ulaya na yule wa Marekani, wamo katika orodha ya viumbe wageni 100 walio wabaya kuliko wote duniani, iliyotolewa chini ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili. Waliokwisha kuwamo Mufindi na wavuliwe. Kuwaongeza katika mito mingine ni kucheza kamari kwa mali ya wajukuu.

Ruaha Mdogo watoka Mufindi ukapita Kalenga, palipokuwa na boma la Mtwa Mkwawa. Hapo mvulana mwenye ndoana na kipande cha mshipi ajua kambale hujificha wapi na hutoka lini. Elimu yake ni ile ile ya mvuvi wa Uskochi, ila yake haijaandikwa. Wala Kiswahili hakikosi vyombo vya kuielezea: ndoana, mshipi, chambo, chelezo na mgono havikungoja inzi mkavu. Kinachokosekana ni orodha ya majina ya Kihehe ya samaki na wadudu wa mto huo, pamoja na tabia zao, iliyotolewa vinywani mwa wazee na kufasiriwa kwa Kiswahili. Atakaye kumwiga mvuvi wa kaskazini kwa haki na aanzie hapo, kabla ya kununua kifaranga kimoja cha trauti.

Mwaka 1954 fuvu la Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani, likawekwa Kalenga. Liliweza kurudi kwa kuwa lilikuwako mahali fulani, likatafutwa. Samaki aliyetoweka, na jina lililozikwa na mzee wa mwisho alijuaye, havina kabati la kuvitafutia.