Premio ama Sylphy? Uliza Kwanza Utakaa Nayo Miaka Ngapi

Ukiingia yadi Nairobi ukitafuta ndai ya familia, wasee watakuonyesha Premio kwanza. Sababu iko. Toyota iliacha kuunda Premio 2021, na Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8. Piga hesabu: hizo za mwisho zikizeeka, zitabaki tu zenye ziko hapa. Ndio maana bei yake ni ngumu kushuka.

Kama unaagiza Japan, angalia cc. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500cc. Ikipita hapo, ni 25. Premio ya 1500cc inapona. Sylphy ya 1800cc inaumia.

Lakini kwa zile zimetumika hapa, Sylphy kawaida huuzwa chini ya Premio. Hiyo doo inabaki inaweza kulipa bima na tairi mpya. Shida ni siku ya kuuza, nayo pia utapewa kidogo.

Sasa, unataka kuuza baada ya miaka miwili? Premio. Utaiendesha hadi mtoi amalize primo? Tafuta Sylphy safi, na ikaguliwe na fundi wako, si wa muuzaji.