Manamba Nao Waandikwe
Barua kutoka El Paso kwa watu wa mkonge

Kwa ndugu wa Korogwe, Muheza, Pangani na Tanga mjini, na kwa yeyote aliyewahi kulala kwenye kambi za mkonge.

Mwandishi wa barua hii ni mzima, yuko El Paso, Texas, mji ambao wakazi wake wanane katika kila kumi ni Walatino, na ambao vilima vya Mexico vinaonekana ng'ambo ya mto hata ukiwa umesimama kituo cha mafuta. Mzima, ila amekasirika. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo imezungushwa sauti ya mzee mmoja wa huko huko nyumbani, kwenye ugomvi wa viwanja, akisema familia fulani isisikilizwe kwa kuwa "hao ni watu wa kuja, babu zao waliletwa na mkonge." Vikaragosi vya kucheka vikajaa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza huo mkonge wenyewe uliletwa na nani.

Uliletwa kutoka pande hizi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na asili ya mmea huo ni rasi ya Yucatán, Mexico, ambako Wamaya walikuwa wakisokota kamba za katani karne nyingi kabla ya Mjerumani kuijua njia ya Pangani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Ilipandwa Kikogwe, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza dunia nzima kwa mkonge. Kama ni kuhesabu watu wa kuja, mzee wa kwenye sauti angeanza na mmea, halafu Mjerumani, ndipo afike kwa Muha wa Kasulu aliyesafirishwa siku kadhaa akiwa na blanketi moja.

Kilichomuuma mwandishi ni kwamba maneno hayo hayo anayasikia huku, tena kila wiki. "Rudini kwenu," wanaambiwa watu ambao kwao ni hapa. St. Augustine, Florida, ilijengwa na Wahispania mwaka 1565, miaka 42 kabla ya Waingereza kutia nanga Jamestown, lakini vizazi na vizazi vya watoto wa Kimarekani vimefundishwa kuwa nchi ilianzia Jamestown. Mwaka 1848, kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo, Mexico ilibaki imepoteza zaidi ya nusu ya ardhi yake, ukiihesabu na Texas, na maelfu ya watu walijikuta wako nchi nyingine bila kuhama nyumba. Wajukuu wao wana msemo kwamba wao hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka. Bernardo de Gálvez, gavana wa Kihispania aliyewatoa Waingereza Pensacola mwaka 1781 wakati Wamarekani wanapigania uhuru, alisubiri picha yake itundikwe kwenye jengo la Bunge hadi 2014. Miaka zaidi ya mia mbili, kwa mtu aliyesaidia kushinda vita!

Tofauti ni kwamba Walatino hawakukaa na kucheka kwenye simu.

Familia ya Mendez, kwa mfano. Baba Mmexico, mama wa Puerto Rico, wakulima wa Westminster, California. Shule ya karibu ilimkataa binti yao Sylvia kwa kuwa ni mtoto wa Kimexico, wakafungua kesi pamoja na familia nyingine nne, wakashinda, na mwaka 1947 mahakama ya rufaa ikauthibitisha ushindi huo. Hiyo ni miaka saba kabla ya kesi ya Brown iliyopiga marufuku ubaguzi wa shule nchi nzima, ile ambayo kila kitabu cha historia ya Marekani kinaitaja. Kesi ya Mendez ilikuwa karibu kusahaulika. Sylvia mwenyewe, akiwa nesi mstaafu, alianza kuzunguka mashuleni akiisimulia, na mwaka 2011 Rais Obama akamvika nishani ya juu kabisa ya raia. Hapa Texas, mwaka 2016, kililetwa kitabu cha kufundishia historia ya Wamarekani wenye asili ya Mexico ambacho kiligusia kwamba Wamexico walionekana ni wavivu. Walimu, maprofesa na wazazi walifunga safari hadi Austin, wakayachambua makosa yake ukurasa kwa ukurasa, na bodi ya elimu ya jimbo ikakikataa. Miaka miwili baadaye bodi hiyo hiyo iliidhinisha somo lenyewe.

Lakini hao wote mwandishi anawataja njiani tu. Anaowataka muwasikie kwa makini ni mabracero, kwa sababu hao ni babu zetu kasoro lugha.

Mwaka 1942 vijana wa Kimarekani walikwenda vitani na mashamba yakabaki bila mikono. Serikali za Marekani na Mexico zikakubaliana waletwe vibarua wa Kimexico kwa mkataba, ndio hao mabracero. Mpango ulidumu hadi 1964, na ilisainiwa mikataba takriban milioni 4.6, maana mtu mmoja aliweza kurudi mara kadhaa. Nje kidogo ya El Paso, kwenye mji mdogo wa Socorro, yapo majengo ya udongo yanayoitwa Rio Vista ambako mabracero walipokelewa kuanzia mwaka 1951. Walivuliwa nguo na kupuliziwa unga mweupe wa DDT, wakapimwa mapafu, kisha mkaguzi akaipindua mikono yao kutazama kama ina sugu. Mwenye kiganja laini alitiliwa shaka kuwa si mkulima. Wenye mashamba wakachukua waliowataka. Huko mashambani, hasa California, wengi walipewa jembe la mpini mfupi lililomlazimu mtu kuinama siku nzima, kwa hoja kwamba msimamizi aliye mbali aweze kumwona anayejinyoosha. Jembe hilo lilikuja kupigwa marufuku California mwaka 1975, baada ya madaktari kueleza linavyoharibu uti wa mgongo.

Nani huko Korogwe anahitaji kufafanuliwa habari hii? Mzee aliyeandikishwa na SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, kule Kigoma, Songea au Njombe, akapimwa, akapewa namba iliyomfanya aitwe manamba, na kupakiwa kwenye behewa, anaweza kuimalizia mwenyewe. Kipande cha siku 30 za kazi. Kambi ya Waha huku, ya Wamakonde kule. Nyapara. Jani la mkonge linalokatwa mwiba wa ncha kwanza lisikuchome jicho, utomvu unaowasha hadi kwenye kwapa, mafungu ya majani 30 yanayopangwa kando ya reli ndogo yakisubiri kwenda korona, mashine ya kukamua nyuzi. Na wake zao kwenye kamba za kuanikia, wakigeuza nyuzi za singa juani, kazi ambayo hata wanaokumbuka mkonge huisahau kuitaja.

Sasa tazama wenzetu walifanya nini. Kuanzia mwaka 2005 hivi, makumbusho ya Smithsonian na vyuo vikuu vitatu, kimojawapo chuo cha hapa El Paso, walianza kuwarekodi mabracero waliobaki. Hawakusubiri mzee aandike kitabu. Waliwafuata kwenye kumbi za makanisa na vituo vya jamii, wakaweka kinasa sauti mezani, na kuwaomba waje na chochote walichotunza: kitambulisho, stakabadhi ya malipo, picha, barua kwa mke. Kila kitu kilipigwa picha na mwenyewe akarudishiwa. Mahojiano yamepita 700 na yako wazi kwenye intaneti, mtoto wa bracero anaweza kuisikia sauti ya babaake kwenye simu. Mwaka 2009 yakatoka maonyesho yaliyozunguka nchi kwa Kiingereza na Kihispania. Desemba 2023 Rio Vista ikatangazwa alama ya kihistoria ya taifa, daraja la juu kabisa ambalo serikali hulipatia jengo.

Na karatasi zile zilizaa fedha pia. Katika miaka ya mwanzo ya mpango, asilimia 10 ya mshahara ilikatwa iwe akiba ya bracero akirudi kwao, na wengi hawakuiona. Wazee waliandamana, wakadai, hadi serikali ya Mexico ikakubali mwaka 2005 kuwalipa peso 38,000 kila mmoja. Sharti lilikuwa ushahidi. Aliyekuwa na kitambulisho kimeviringishwa kwenye nailoni chini ya kitanda alipata mahali pa kuanzia. Waliotupa walibaki wakieleza.

Kwa hiyo mwandishi ana ombi moja, na ataling'ang'ania mpaka mchoke. Mtaala mpya una somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Shule za sekondari za wilaya za mkonge zilitumie. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu apewe kazi moja kwa mwaka: kumrekodi mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, aliyefanya kazi shambani, kambini au kwenye kiwanda cha mkonge, na kupiga picha ya kila karatasi aliyonayo. Simu inatosha. Nakala moja ibaki shuleni, moja iende Urithi Tanga pale Boma la zamani, moja Nyaraka za Taifa Dar es Salaam. Mwalimu asahihishe kama anavyosahihisha insha. Baada ya miaka mitano wilaya itakuwa na sauti nyingi kuliko afisa utamaduni yeyote angezikusanya kwa semina na posho.

Mtasema hakuna fungu. Bando la kutazama ugomvi wa wasanii usiku kucha mnalipata wapi? Mtasema tena kwamba Mwalimu Nyerere alitufundisha kutoulizana kabila, kwa hiyo tusianze kuchimba nani alitoka wapi. Sawa, lakini mzee wa kwenye sauti anajua vizuri sana nani alitoka wapi, na anapokumbuka ni wakati wa kugawa viwanja tu. Kinachokosekana ni upande wa pili wa habari hiyo: huyo aliyetoka Kasulu alilipwa nini, alikata mafungu mangapi, na fedha za kigeni zilizosomesha wengine zilitoka mgongoni mwa nani. Kijana wa kidato cha nne Korogwe anaweza kuwataja magavana wa Kiingereza. Mwulizeni Victor Mkello ni nani. Aliongoza chama cha wafanyakazi wa mashamba ya mkonge wakati wa migomo mikubwa ya mwisho wa ukoloni, na mwaka 1963, uhuru ukiwa haujafikisha miaka miwili, serikali yetu wenyewe ikampeleka Sumbawanga akae huko. Dolores Huerta, aliyefanya kazi ya namna hiyo kwa wachuma zabibu wa California, alipewa nishani na rais mwaka 2012.

Msidhani huku ni peponi. Makumbusho ya Taifa ya Walatino yalipitishwa na Bunge Desemba 2020 na bado hayana jengo. Kuna ukumbi mmoja tu uliofunguliwa mwaka 2022 ndani ya makumbusho mengine. Mwaka 2025 Rais alitia saini amri ya kuzisafisha simulizi za Smithsonian zisizompendeza. Arizona iliwahi kufuta masomo ya historia ya Wamexico kwa sheria ya 2010, na ikachukua hadi 2017 jaji kutamka kwamba nia ilikuwa ubaguzi. Na Walatino nao wana usahaulifu wao. Mgomo wa zabibu wa Delano ulianzishwa na Wafilipino chini ya Larry Itliong, Septemba 8, 1965. Wamexico walijiunga wiki moja baadaye, na kwa miaka mingi sifa zikawa zao. Kwa hiyo msiwarekodi Waha peke yao kwa sababu tu mwandishi ni mjukuu wa Muha. Wapo Wabena, Wangoni, Wamakonde waliovuka Ruvuma, Warundi. Wapo pia Wasambaa na Wabondei waliouza chakula kambini, na wengine waliopokonywa ardhi ili mkonge upandwe. Hao nao wana dai lao, na huenda hasira ya mzee yule inaanzia hapo.

Mwandishi anajua mtakalosema mkishafunga barua hii: aliondoka, sasa anatuma maagizo. Kweli aliondoka. Babu yake alizikwa Korogwe naye akayasikiliza mazishi kwenye spika ya simu, mtandao ukikatika wakati wa dua. Fedha ya dawa ya bibi inakwenda kila mwezi, na mazungumzo huishia kwenye presha na bei ya mchele. Huku, siku Smithsonian inapoonyesha kitambulisho cha kibarua ndani ya kioo, chenye picha ya kijana anayejaribu kutotabasamu, mtu wa Korogwe anasimama hapo muda mrefu kuliko Wamexico wenyewe, hadi mlinzi anakuja kuuliza kama yuko sawa.

Kazi ianze na bibi huyo. Alianika singa tangu hajaolewa, na akili yake bado inakata. Binamu anayefundisha historia ameshaambiwa. Gharama za diski mbili za kuhifadhia sauti zitatumwa mwisho wa mwezi, na zisigeuzwe kuwa mchango wa harusi. Wanafunzi waende wawili wawili, asubuhi, kabla mvua za vuli hazijaharibu njia ya kambini. Waulize mshahara, makato, chakula, magonjwa, na majina ya waliofia pale. Wasimhoji mbele ya wajomba, kwa sababu wajomba watamkatiza waanze kueleza habari za Mjerumani.