Uwanja Mtupu Si Uwanja Safi

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita, siku ambayo katika nchi yetu imetengwa kwa usafi tangu kampeni ile iliyoanza na sikukuu ya Uhuru ya mwaka 2015, gwaride lilipofutwa na watu wakaambiwa washike mafagio, alikuja mtaani petu hapa Tanga mgeni rasmi mmoja, akasimama karibu na marundo ya majani yaliyokuwa yakiungua, moshi ukampitia usoni na kumtoa machozi, naye huku akijipangusa kwa leso akatunasihi kwamba ustaarabu wa nyumba hujulikana kwa uwanja wake, na kwamba uwanja usiofagiwa ukawa mweupe kama sinia ni ushahidi wa mke mvivu na mume asiye na kauli. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, kwanza kwa kuwa nilikuwa nakohoa, na pili kwa kuwa mke wangu, ambaye uwanja wake una majani tele kwa ridhaa yake na yangu, alikuwa amesimama kando yangu akinitazama.

Maneno yale si ya mgeni yule peke yake, na lau yangekuwa yake nisingepoteza wino. Ni itikadi ya umma mzima, tangu Lamu hadi Mtwara na bara vilevile: kwamba ardhi iliyo safi ni ile isiyo na kitu juu yake, kwamba jani likiwa mtini ni kivuli na pambo, lakini likianguka chini limekwisha kuwa takataka papo hapo, na wajibu wa mtu mwenye haya ni kuliondoa kabla jirani hajaliona. Sijapata kumsikia mtu akieleza ni najisi gani inayoliingia jani katika safari ile fupi ya kutoka tawini hadi mchangani. Ikiwa mvua imeliosha usiku na jua limelianika mchana, nalo limekaa pale pale lilipoanguka bila ya kumdhuru mtu, uchafu wake u wapi?

Tazama basi kinachofanyika. Alfajiri, kabla ya chai, binti wa nyumba huinama na ufagio wa chelewa, akaanza mlangoni kwenda nje, na kila mkupuo wa ufagio huacha mchangani mistari iliyopangika ambayo wenye nyumba huiona fahari. Wasichokiona ni ule udongo laini unaokwenda pamoja na majani, kiganja leo na kiganja kesho, na unaobaki hushindiliwa na nyayo ukawa mgumu hata maji ya mvua hayapati pa kuingilia, yakawa hayana budi ila kukimbilia mtaroni yakichukua udongo mwingine. Ipo nyumba katika mtaa wetu ambayo baraza yake ilijengwa na ngazi moja; leo ngazi ni tatu, na baraza haikuinuliwa hata kidogo. Ni ardhi iliyoshuka. Mizizi ya mwembe wao imetokeza juu, watoto wanajikwaa humo kila siku, na mawe ya msingi, ambayo fundi aliyazika akitaraji kwamba hayataonana na jua tena, sasa yanatazamana na barabara. Mwenye nyumba alimwita fundi aje azibe. Fundi akapaka saruji, akapokea ujira wake, na asubuhi yake ufagio ukaendelea na kazi.

Lakini hasara ya udongo naiweka kando, kwa maana ninayo hoja moja ninayoipenda kuliko zote, wala sitachoka kuikariri: tunachokichoma ndicho tunachokwenda kukinunua. Jani lililoanguka limebeba chakula ambacho mti ulikifyonza kutoka chini sana, ambako mizizi ya mchicha haifiki, ukakileta juu bila ya hamali wala mkokoteni. Likiachwa, majongoo na mchwa huliguguna, ukungu hulilainisha, nyungunyungu hulivuta ardhini, na muda si muda limekuwa udongo mweusi. Likichomwa, naitrojini yake, ambayo ndiyo inayoupa mmea nguvu ya kutoa majani na rangi yake ya kijani, inapaa na moshi, na moshi wenyewe unaishia vifuani mwa watoto wa jirani. Panabaki jivu lenye potashi kidogo, na jivu hilo nalo upepo wa kusi haulisazi. Kisha bwana yule yule aliyechoma Jumamosi utamwona Jumatatu akipatana bei ya gunia la samadi, akilalamika kwamba mchicha wake umekuwa wa manjano na kwamba maisha yamepanda. Mtupa jongoo hutupa na mti wake, walisema wahenga. Sisi tumemtupa jongoo, tumetupa mti, tumetupa na mbolea, kisha tunasimama dukani kuuliza mbolea kiasi gani.

Wapo watakaonijia na dini, wakinikumbusha daraja la tohara katika imani. Nawaitikia labeka. Ila dini ile ile iliyoamrisha tohara ndiyo iliyokataza israfu, na sijui israfu iliyo dhahiri zaidi kuliko kutia moto riziki iliyoanguka mlangoni pa mtu yenyewe, halafu kutoa fedha kununua mfano wake. Tohara ya mwili na nguo na mahali pa kusalia naijua, na masharti yake yamefundishwa chuoni. Sharti la kuuvua mwembe nguo zake na kuziunguza halimo.

Huambiwa vilevile kwamba hii ni ada ya wazee wetu. Hasha! Wazee walifagia, sikatai, lakini walifagia mlangoni, ukumbini na njia ya kwenda kisimani, na walichokikusanya walikipeleka jaani, nyuma ya nyumba, pamoja na maganda ya mihogo, machicha ya nazi na majivu ya jikoni. Huko jaani ndiko ulikoota mpapai ambao hakuna aliyeupanda, na mboga ya maboga iliyotambaa mpaka juu ya paa la banda la kuku. Na migomba ilipandwa pale yanapopita maji ya kuoshea vyombo, ikazaa mikungu ambayo mtu mmoja hakuimudu kuibeba. Bibi yangu, ambaye barua alisomewa, aliijua hesabu hii bila ya kufundishwa na bwana shamba yeyote. Sisi tuliosoma tumelifuta jaa, tumeweka pipa la moto, na tunaliita jambo hilo maendeleo.

Hoja wanayoidhania kuwa ngome yao ni mbu. Majani huzaa mbu, husema, nao husema kwa yakini ya mtu aliyekuwapo siku ya uzazi. Mbu huzaliwa majini. Jambo hili si siri, na tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipoviona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu kule India, ulimwengu umekuwa ukiyasaka maji yaliyotuama. Mbu wa malaria aghalabu hupenda kidimbwi kilicho wazi juani, mathalani unyayo wa ng'ombe au alama ya gurudumu iliyojaa mvua, na maji ya namna hiyo hutuama kwa urahisi juu ya ardhi ile ile iliyokomaa kwa kufagiwa. Yule wa homa ya dengi, iliyowalaza watu wengi Dar es Salaam mwaka 2014, hutaga katika makopo, mapipa na matairi mabovu. Nilimwomba mmoja wa hawa wahubiri wa ufagio tuzunguke pamoja nyuma ya nyumba yake mwenyewe, naye kwa jamala akakubali. Tulikuta tairi, ndoo iliyopasuka, na vifuu vilivyokaa chali vimejaa maji, na ndani ya maji viluwiluwi vya mbu vikijipinda na kujinyoosha kwa furaha zao. Mbele ya nyumba palikuwa peupe kabisa! Bwana afya wa enzi za ukoloni tulimchukia, na kwa haki, kwa kuingia majumbani mwa watu bila ya hodi. Lakini walau yeye alikuwa akipindua vifuu.

Baada ya mbu huja nyoka. Nyoka hali majani. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata ukoko na pumba zilizolala jikoni bila kifuniko, na hapo paka mmoja mwenye njaa anafaa kuliko mafagio kumi. Katika uwanja wangu huu unaoitwa mchafu, mnyama aliyewatimua wageni mbio kupita wote ni kinyonga, ilhali hana sumu wala haraka.

Nifike sasa kwenye jambo linaloniudhi kuliko moshi. Baada ya mvua za kwanza, katika uwanja ulioachwa na majani yake huota mchunga, mnavu, mgagani na mchicha wa porini, mboga ambazo Mola ameziotesha bila ya mbegu kununuliwa wala maji ya bomba kulipiwa. Mchunga ni mchungu, ndiyo. Lakini uchume majani machanga asubuhi, uyaoshe mchanga, uyachemshe mara moja na kuyamwaga maji yale machungu, uyakamue kwa kiganja, kisha uyarudishe chunguni pamoja na kitunguu, bilauri moja ya tui jepesi na chumvi, uyaache yatokote taratibu bila ya kufunikwa, na mwisho utie tui zito na kipande cha ndimu, uepue kabla tui halijakatika. Uchungu unaosalia ni ule tu wa kumfanya mtu aongeze ugali. Hii ndiyo mboga ambayo binti wa mjini leo anaing'oa kwa jembe, anaichanganya na majani ya mwembe, anaimwagia mafuta ya taa na kuitia kiberiti, kisha anatumwa sokoni na noti mkononi kununua fungu la mchicha ulionyauka tangu jana. Narudia yale yale: tunachokichoma ndicho tunachokwenda kukinunua. Nilimwuliza kijana mmoja aliyemaliza masomo ya juu kama anaujua mnavu. Akaniambia ni majani ya mbuzi. Mbuzi, kwa hakika, amemshinda akili.

Wala kadhia hii haiishii kwenye ufagio, kwa kuwa mtu akishazoea kuiona ardhi tupu kuwa safi, hatua ya pili ni kuifunika kabisa. Wenye uwezo wameanza kuzisakafia nyua zao kwa vitofali vya saruji hadi ukutani, jua la mchana likipiga juu yake joto linarudi ndani ya nyumba, na hapo inanunuliwa mashine ya kupoza hewa. Mwembe wa babu umekatwa kwa kosa la kuangusha majani juu ya gari, na mahali pake pamewekwa chungu chenye maua ya plastiki, ambayo nayo hupanguswa vumbi kila Ijumaa. Mwenye moyo wa kuipenda bustani naye hununua ukoka kwa vipande, akaulaza, akaunywesha maji usiku na mchana, akamkataza mtoto kuukanyaga. Chozi hana ua la kunyonya na shore hana tunda la kudonoa katika mtaa mzima, ila kunguru hawana upungufu. Na kunguru wale wa mjini, kwa wasiojua, wana asili ya Bara Hindi, nao waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa nia njema ya kula takataka na kuusafisha mji. Walipomaliza kuusafisha wakageukia vifaranga na viota vya ndege wengine, na hata leo hawajatosheka. Ndivyo zinavyokuwa kampeni za usafi zinaposimamiwa na watu wasiouliza kitu kinakula nini na kinaliwa na nani.

Insafu inanilazimu kusema kwamba uchafu upo, na si haba. Chupa za plastiki, vifungashio vya biskuti, nepi, betri zilizokufa: hivi havikuanguka kutoka mtini, na hakuna nyungunyungu atakayevivuta chini hata tungempa miaka mia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019, nasi tukashukuru. Lakini chupa zimebaki, na desturi ya nyua zetu ni kuzitia katika rundo moja na majani makavu ili zishike moto upesi, hata moshi uliokuwa wa majani ukawa wa sumu. Laiti ile bidii ya kuwinda majani ingehamishiwa kwenye vitu hivi, mitaro ya mji huu ingepitisha maji.

Kwa hiyo wenyeviti wa mitaa na wageni rasmi nawaomba wayatoe majani katika hotuba zao, na mahali pake waweke vifuu, makopo na chupa. Mlango na ufagiwe, na njia ifagiwe, na mahali pa kupikia pafagiwe sana. Majani yaliyobaki yasukumwe chini ya miti yalikotoka, na mke wa mtu asitukanwe kwa ajili yake. Na yule ambaye nafsi yake haitatulia mpaka jani la mwisho limeondoka uwanjani kwake, asihangaike na kiberiti: ayatie katika gunia ayalete kwangu, nitayapokea wakati wowote, mabichi kwa makavu, bila ya malipo, kwa sharti la kutonichanganyia chupa.