Umelewa baa umetulia, afande anakukamata kwa lipi?

  Kama umeamka na kichwa kizito, kunywa maji mengi, kaa kivulini, soma taratibu, maana mada ya leo inakuhusu. Na wewe ambaye hujawahi hata kunusa kizibo usifunge gazeti. Nawe una jirani, una kaka, una mchumba, na pengine una baba.

Leo tunavuka maji. Tunateremka bandarini Mkoani, tunadandia daladala hadi Chake Chake. Tuko Pemba jamani, kisiwa cha karafuu, kisiwa cha mchezo wa ng'ombe, kisiwa cha watu wanaoswali na wanaojuana kwa majina ya babu zao. Sensa ya 2022 ilihesabu huko watu 543,441. Ukienda kuhesabu baa, vidole vya mkono vinatosha.

Sasa mgeni mwenye kiu akishuka pale akamuuliza kijana wa kijiweni, "Yakhe, bia hapa hupatikana wapi?" ataangaliwa juu mpaka chini, kisha atajibiwa kwa sauti ya chini: "Nenda kwa polisi." Loh! Mgeni roho inamruka, anadhani ameshashitakiwa. Kumbe wala. Anaelekezwa kantini. Kwa miaka mingi vitabu vya kuwaongoza watalii vimekuwa vikiwaambia wasomaji wao jambo hilo hilo, kwamba Pemba ukitaka bia nje ya hoteli, ulizia ilipo mesi ya polisi.

Na sababu si ya kuficha. Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano. Afande unayemkuta Wete anaweza kuwa mtu wa Tarime, Songea au Dodoma, na huko kwao bia mbili baada ya kazi ni kitu cha kawaida kama chai. Uswahilini Pemba hakuna baa, basi kinywaji kikamfuata kazini kwake. Na raia mwenye kiu naye anajibanza humo humo, mgongo kaupa mlango.

Hebu fikiria picha hiyo. Meza hii afande kavua kofia, moja moto moja baridi. Meza ya pili karani wa ofisi fulani, kalegea, macho mekundu, anaimba taarabu kwa sauti ya ndani. Mtu akilewa hapo, nani amkamate nani?

Usicheke, maana swali ni la kweli. Mtu amelewa ndani ya baa, kakaa kwenye kiti chake, hajatukana mtu, hajavunja glasi, bili kalipa. Je, polisi waingie wambebe?

Kisheria, mahali pengi jibu ni ndiyo. Mwingereza, ambaye sheria zetu nyingi za jinai zimetoka kwenye mkoba wake, alilimaliza suala hilo mwaka 1872. Sheria yake ya leseni za vileo, kifungu cha 12, inasema ukikutwa umelewa barabarani, mahali pa hadhara, au ndani ya nyumba yenye leseni ya kuuza pombe, una kosa. Yaani ndani ya baa yenyewe! Sheria hiyo mpaka leo haijafutwa. Ina na nyongeza yake: ni kosa pia kulewa barabarani huku umeshika farasi, ng'ombe au mtambo wa mvuke. Sijui Mwingereza huyo angefanya nini siku ya mchezo wa ng'ombe Pemba, pengine angeita karandinga zima.

Jirani zetu Wakenya nao wanayo. Sheria yao ya vileo ya mwaka 2010, ile maarufu kwa jina la mbunge wa wakati huo, John Mututho, kifungu cha 33 kinataja mlevi asiyejiweza au mwenye fujo, awe mtaani, dukani, hotelini au kwenye baa yenye leseni. Anakamatwa bila hati. Faini yake haizidi shilingi 500 za Kenya, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili.

Lakini walioshangaza dunia ni Wamarekani. Machi 2006, mji wa Irving karibu na Dallas, jimbo la Texas, maofisa wa tume ya vileo ya jimbo pamoja na polisi walizungukia baa 36 wakatoka na watu wapatao 30 wenye pingu. Hoja yao ilikuwa nzuri kuisikia: tuwawahi kabla hawajashika usukani. Shida ni kwamba baadhi yao walikutwa kwenye baa ya hoteli waliyolala wenyewe. Gari lao lilikuwa lifti! Watu wakaja juu, magazeti yakawaka, na Aprili mwaka huo huo operesheni ikasimamishwa.

Sasa turudi kwetu. Kwanza kuna hili neno "hadharani". Zanzibar wanalijua vizuri. Machi 2024 polisi walikamata watu 12 kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani. Sawa, barabarani ni hadharani, hakuna ubishi. Lakini kantini yenye pazia, ndani ya uzio, mahali ambapo mtoto hapiti na shehe haangalii, hiyo nayo ni hadharani? Mnywaji wa Pemba ametembea kilomita nzima gizani ili asionwe. Ukimkamata ukamtoa nje mbele ya watu, nani aliyemleta ulevi hadharani, yeye au wewe?

Pili, kuna kipimo. Kwa dereva wa Bara sheria imeweka namba: miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Unapuliza, mashine inasema, yamekwisha. Kwa aliyekaa kwenye kiti hakuna namba. Mashine ni jicho la afande. Macho yako mekundu? Umelewa. Umeongea Kiswahili cha kuvuta? Umelewa. Umemjibu vibaya? Hapo sasa umelewa chakari!

Tatu, kuna ushuru. Zanzibar ina sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2020, ina bodi, ina leseni za kuagiza na za kuuza. Mtakumbuka Januari 2024, leseni za waagizaji wa zamani ziliposimama, bia ikaadimika, bei zikaruka, mahoteli ya Unguja yakalia kilio cha mbwa koko. Basi kumbe Serikali inaijua chupa hiyo toka bandarini. Imeiandikia leseni, imeitoza kodi. Halafu mtu akiimaliza akiwa kwenye kiti kile kile chenye leseni, anaitwa mhalifu. Haiingii akilini.

Lakini hayo yote ni madogo. La kwetu Pemba, lililo zito kuliko faini, ni AIBU.

Chukua kijana mmoja wa Wete, tumwite Yakhe. Ana miaka 26, ana kazi, ana posa inayojibiwa wiki ijayo. Ijumaa hii kaamua aondoe uchovu, bia tatu, kona ya giza. Difenda inasimama. Afande anamshika bega: "Kijana umelewa, twende kituoni." Unadhani Yakhe anawaza shilingi ngapi za faini? Thubutu! Anamwona ami yake mbele ya macho. Anamwona mama mkwe. Pemba habari haipandi daladala. Yakhe akilala selo Wete usiku huu, alfajiri Micheweni wameshajua, na wameongeza chumvi: hakuwa na bia tatu, alikuwa na kreti.

Na kama aliyekamatwa ni dada, msomaji wangu, hebu usiulize. Hata kama alikuwa anakunywa soda.

Hapo ndipo biashara inapoanza. "Afande, tuelewane basi." Angalieni vizuri: Yakhe hanunui uhuru, ananunua ukimya. Faini mahakamani ina kikomo, imeandikwa. Ukimya hauna bei iliyoandikwa. Kadiri mtaa unavyoona aibu, ndivyo bei inavyopanda. Kwa hiyo sheria hii ya kumfuata mlevi mpaka kwenye kiti, ikipelekwa mahali kama Pemba, itauza siri za watu na walevi watabaki wale wale. Sisemi kila afande yuko hivyo, wapo waungwana wengi. Nasema sheria isiyo na kipimo inamjaribu hata muungwana.

Na kuna la zamani ambalo hatuwezi kulipita. Januari 2001 watu waliuawa Pemba polisi walipopambana na waandamanaji, na wengi wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Kwa mtu mzima wa Wete, gari la polisi likisimama ghafla mlangoni, la kwanza analowaza si bia.

Sasa wapo watakaosema, "Wewe mwandishi unatetea walevi." Hapana. Mimi namjua mlevi. Anarudi saa saba usiku anagonga mlango kama anadai deni. Mshahara umeishia kaunta, watoto asubuhi wanakwenda chuoni na chai kavu. Majirani wa Pemba wana haki ya usiku wao wa utulivu, na wasiotaka baa mtaani kwao wana haki ya kusema hapana leseni inapoombwa. Mke naye ana pa kwenda: Mahakama ya Kadhi ipo kwa mambo ya ndoa na talaka, na huko hahitaji difenda.

Ila tujiulize, ukiwatisha watu kantini wanakwenda wapi? Wanaacha? Wapi bwana! Wanahamia kichakani, kwenye tembo la mnazi lililolala siku mbili, na kwenye gongo iliyopikwa kwenye pipa la nani sijui. Huko hakuna leseni, hakuna taa, hakuna baamedi wa kukwambia "kaka, basi sasa". Ukianguka, unaokotwa na wachuma karafuu.

Basi ushauri wangu wa bure ni huu.

Kwa afande: kamata fujo, kamata matusi, kamata anayempiga mkewe, kamata mlevi anayewasha Vespa kuelekea kwenye zile kona za njia ya Wete. Hao wote wana mtu wanayemdhuru. Lakini aliyelala juu ya meza yake mwite ndugu yake aje amchukue. Na kama mezani kwako nawe kuna chupa, vua kwanza yako ndipo uhesabu za mwenzio.

Kwa mwenye kaunta: wewe ndiye unayejua ya ngapi hiyo. Waingereza kwenye sheria yao ya 2003 wameandika kwamba kumuuzia mtu ambaye tayari amelewa ni kosa la muuzaji. Hilo ndilo la kuiga! Anayemimina anakunja noti, anayemiminiwa analala selo, haki iko wapi?

Kwa Yakhe: kunywa ukijua kesho ipo. Tembea na rafiki asiyekunywa, funguo za Vespa mpe yeye. Na posa ikijibiwa, mwambie bibi harusi ukweli mapema, kwani akiusikia toka kwako ni mazungumzo, akiusikia toka kwa difenda ni talaka kabla ya ndoa.

Na kwa siye wengine tunaongoja alfajiri tusikie nani kashikwa: bei ya ukimya ni siye tunaoipandisha. Ulimi ukipumzika, na mkono wa kupokea utapumzika.