Herufi za Kioo

Stika za kromu zinaharibu maandishi ya daladala, na nashangaa hakuna anayelalamika. Nasema zile herufi zinazong'aa kama kioo cha saluni, ambazo siku hizi zinabandikwa kifuani mwa Coaster, ubavuni mwa Hiace, hadi mgongoni mwa bajaji. Zinapendeza, sikatai. Gari likiwa limetoka kuoshwa, stika zikiwa mpya, hata mimi nageuka kutazama. Ila jina la njia halikuandikwa kwenye gari ili tuligeukie. Liliandikwa lisomwe, na anayelisoma ni mtu aliyesimama kituoni na begi mkononi, jua linampiga usoni, nyuma yake kuna watu kumi wanaotaka siti hiyo hiyo.

Kromu haina rangi yake. Hili mteja haambiwi pale dukani, anapooneshwa kipande cha stika chini ya taa. Ni plastiki iliyopakwa utando mwembamba wa alumini, ndugu yake ule utando unaong'aa ndani ya pakiti za krispi. Kazi yake ni kurudisha kilicho mbele yake. Mbele yake kukiwa na mbingu ya saa sita mchana, herufi inakuwa nyeupe. Kukiwa na mwembe, inakuwa nyeusi. Gari likitembea, herufi moja inaweza kuwa nyeupe juu na nyeusi chini, kisha ikabadilika kabla hujaimaliza. Sasa chukua herufi hiyo uibandike kwenye daladala la Dar es Salaam, ambalo kwa kawaida bodi yake ni nyeupe. Umeandika kwa chaki kwenye ukuta wa chokaa, na umelipa zaidi, kwa sababu mita ya kromu ina bei kuliko mita ya stika ya kawaida.

Kwa ajili ya utafiti wangu wa uzamili napiga picha maandishi ya magari. Nikipiga la rangi, napata maandishi. Nikipiga la kromu, najipata mimi: kofia, simu, na nyuma yangu mama wa mihogo ananishangaa. Kwangu hiyo ni kero ndogo. Nikishindwa kusoma, namuuliza konda.

Mwenzangu wa darasani hawezi kumuuliza konda. Ni kiziwi. Watu wakisikia malalamiko haya husema, "Kwani konda haiti?" Konda anaita, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa, lakini kwa mwenzangu ule mdomo unaochezacheza mlangoni hausemi kitu. Yeye husoma rangi ya mkanda wa njia kwanza, kisha jina. Mkanda unamwambia huenda ni gari lake. Jina ndilo linalomhakikishia. Jina likiwa la kioo, anabaki na huenda. Mweke karibu yake bibi mwenye mtoto wa jicho, ambaye mng'aro wowote kwake ni ukungu, na mgeni aliyeshuka jana kutoka mkoani, ambaye anaogopa kuuliza asijulikane kuwa ni mgeni. Hao si wachache kituoni.

Waandika mabango wana kanuni ya zamani: kila inchi moja ya urefu wa herufi inasomeka vizuri kwa umbali wa futi kumi hivi. Herufi ya sentimita 10, basi, inakupa kama mita 12. Gari linalokuja kwa kilomita 30 kwa saa linamaliza mita 12 kwa sekunde moja na nusu. Sekunde moja na nusu ya kusoma, kuamua, kunyoosha mkono na kuanza kukimbia! Na kanuni hiyo inahesabu herufi zenye rangi inayopingana na mahali zilipobandikwa. Kwa kromu juu ya nyeupe, hesabu yote inaanguka.

Usiku ni hadithi nyingine. Wengi wanachanganya kromu na reflekta, na wako wauzaji wanaoacha mchanganyiko huo uendelee kwa sababu unauza. Reflekta ina vishanga vidogo vya kioo, au vipembe vidogo sana, vinavyorudisha mwanga kule kule ulikotoka, ndiyo maana dereva wa nyuma anaiona inawaka. Kromu ni kioo tu. Taa ikiipiga kwa pembeni, mwanga unakwenda upande mwingine na herufi inabaki giza. Mwenye gari aliyebandika kromu akidhani ameweka usalama ameweka pambo.

Halafu kuna ile namba ya simu ya nyuma, ya kupiga dereva akiendesha ovyo. Hiyo nayo nimeiona kwa kromu, tena kwa herufi nyembamba za mwandiko wa kadi ya harusi. Samahani, hapo sina subira. Namba ya malalamiko isiyosomeka haimtumikii abiria, na sijui kama iliwekwa ili imtumikie.

Najua nitakavyojibiwa. Kwamba wasomi tumezoea kuwaonea haya watu wa kawaida kwa vitu wanavyovipenda, na kwamba daladala lina haki ya kujiremba. Haki hiyo naitetea. Nimetumia miezi kuyafuata yale maneno ya vioo vya nyuma, dua, vijembe na majigambo, na kwangu hayo ni maandishi kamili, yana mwandishi na yana msomaji. Ndiyo sababu nakasirika. Mtu ametafuta kijembe chake wiki nzima, kisha anakibandika kwa kitu kinachomwonesha jirani uso wake badala ya kijembe. Mafundi wa brashi walilijua hili: walizungushia herufi mstari mweusi, wakatia kivuli upande mmoja, herufi ikasimama mbele ya gari.

Kromu ina mahali pake. Iweke juu ya bodi nyeusi, kwenye herufi nene zenye mzunguko wa rangi bapa, au iache iwe nyota, bawa, ukingo wa bampa. Iweke palipo bapa, kwa sababu nyingi haivutiki: ukiilazimisha kwenye kona na vichwa vya ribiti inafifia au inanyanyuka, na kwa chumvi ya hewa ya pwani alumini inaanza kuliwa kutokea ukingoni. Jina la njia na namba ya simu viandikwe kwa rangi, njano juu ya nyeusi au nyeusi juu ya njano, sentimita 20 kwenda juu.

Na kabla fundi hajalipwa, mwenye gari alisimamishe juani saa sita, atembee hatua thelathini, ageuke asome. Arudi tena usiku na tochi, asimame pembeni. Asiende peke yake, kwa sababu yeye jina analijua tayari. Amchukue mtu asiyelijua gari, na konda akae kimya.