Uaminifu Pekee Haumalizi Jengo

Anayetaka kujenga Ikonge, Kaunti ya Nyamira, huanza kwa kutafuta mtu wa kuaminika. Aliye Nairobi au ng'ambo humtumia ndugu yake pesa. Kanisa au shule ikijenga, kamati huteuliwa kwa kuangalia nani hajawahi kula pesa za harambee. Imani iliyoenea ni kwamba msimamizi akiwa mwaminifu na fundi akiwa stadi, jengo litasimama lenyewe. Imani hiyo inapotosha. Uaminifu ni sharti la kupewa kazi, wala si kazi yenyewe.

Chimbuko la imani hiyo linaeleweka. Mifuko ya saruji hutoweka usiku na lori moja la mchanga hulipiwa mara mbili, kwa hiyo mwenye mali aliye mbali huogopa mwizi kuliko kosa. Lakini hasara ya wizi huhesabika, ilhali ya kutojua huzikwa ndani ya zege. Siku ya kumwaga slabu, ndugu mwaminifu husimama kando na daftari: mifuko iliyotoka stoo ndiyo iliyotumika. Wakati huohuo kibarua anaongeza ndoo ya maji ili zege lisambae kwa urahisi. Maji yakipimwa kuwa nusu ya uzito wa saruji, mfuko wa kilo 50 unahitaji lita 25, yakiwemo yaliyokwisha kunywewa na mchanga uliolala kwenye mvua. Yakizidi, zege hukauka likiwa na vitundu na nguvu zake hushuka. Daftari liko sawa, slabu ni dhaifu, na hakuna aliyeiba.

Pengo hilo la ujuzi huzibwa na meneja wa mradi, na majukumu yake huanza kabla ya msingi kuchimbwa. Huthibitisha mipaka ya shamba, huhakikisha michoro imeidhinishwa na Kaunti ya Nyamira, na husajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Hukagua pia daraja la mkandarasi, kuanzia NCA 8 iliyo chini kabisa hadi NCA 1. Kisha huandaa makadirio ya gharama na ratiba. Ratiba ya Ikonge hainakiliwi kutoka sehemu kame kama Kitengela. Nyanda za juu za Gusii, iliko Ikonge, hupata mvua karibu mwaka mzima, na masika yakikolea kuanzia Machi, udongo mwekundu wa miteremko hugeuka utelezi. Lori la kokoto likiiacha barabara ya Chebilat–Ikonge–Chabera na kuingia kijijini, hukwama. Anayejua kupanga huchimba msingi na kuleta vifaa vizito kati ya Desemba na Februari. Asiyejua huanza pesa zinapofika.

Fedha nazo zina utaalamu wake. Meneja hapigii hesabu bei tu, bali pia wiki ambayo kila kifaa kitahitajika. Saruji iliyonunuliwa mapema kwa sababu bei ilikuwa nzuri, ikapangwa juu ya sakafu ya udongo badala ya mbao, hufyonza unyevu na kuganda. Uaminifu wa aliyeinunua hauilainishi.

Jukumu gumu zaidi ni kumwambia mwenye pesa hapana. Akipiga simu kutaka ghorofa iongezwe, meneja humweleza kwa maandishi gharama, muda, na kama mhandisi ameridhika kwamba msingi utahimili. Msimamizi akiwa mdogo wa mwenye pesa, kwa heshima ya kaka, atajibu, "Sawa." Hapo undugu unakuwa hatari. Jengo la ghorofa lililoanguka Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua zaidi ya watu 40 lilikuwa limejengwa kando ya mto bila idhini. Lilihitaji mtu wa kukataa tangu mwanzo.

Ubora husimamiwa kwa hatua. Nondo hukaguliwa kabla ya kufunikwa, kwa kuwa baadaye hakuna wa kuziona. Zege humwagiwa maji kwa siku zisizopungua saba, na nguvu zake hupimwa likifikisha siku 28. Miti inayoegemeza slabu haiondolewi eti kwa sababu fundi anaitaka kwingine. Ukaguzi wa sherehe hautoshi: daraja la Sigiri, Busia, lilianguka Juni 2017 likiwa bado linajengwa, takriban wiki mbili baada ya Rais wa wakati huo kulitembelea.

Usalama ni jukumu la kisheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda wafanyakazi, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huohuo inamtaka awe na bima. Mtaro wa kina kirefu katika udongo uliolowa, usiowekewa mbao za kuuzuia, unaweza kumfukia kibarua hata msimamizi akiwa mzee wa kanisa.

La mwisho ni kumbukumbu: daftari la kila siku, risiti, picha, na mkataba unaoeleza fundi analipwa kwa hatua ipi. Wanaosifu uaminifu hulidharau jambo hili, na kumbe ndilo linaloulinda. Pesa zikiisha nyumba ikiwa kwenye lenta, ndugu asiye na rekodi ndiye wa kwanza kuitwa mwizi, hata kama kilichozimaliza ni makadirio mabovu.

Wengine hudai kwamba nyumba ya vyumba vitatu haiwezi kugharimia meneja. Hoja hiyo inachanganya cheo na majukumu. Nyumba ndogo haihitaji mtu mwenye ofisi. Inahitaji mtu aliyefunzwa na mwenye muda wa kuwa mjengoni, pamoja na mhandisi anayelipwa kwa ziara chache: msingi unapochimbwa, nondo zinapofungwa, slabu inapomwagwa na paa linapopandishwa. Kamati za miradi ya mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF, huwa na maafisa wa kazi za umma wa kuzishauri, lakini afisa hakai mjengoni kila siku, kwa hiyo kati ya wanakamati lazima awepo anayeweza kusoma mchoro. Wanaoteua msimamizi Ikonge waendelee kuuliza kama mtu ni mwaminifu, kisha wamkabidhi michoro na kumwuliza kazi itaanza wapi, itagharimu kiasi gani, na atafanya nini mvua ikinyesha.