Tuyafuate Maji Tangu Yatokako

Kila ifikapo Mei, theluji ikiisha kuyeyuka katika viunga vya Toronto na watu wakaanza kuzifungulia maji bustani zao, msiba mdogo huzuka katika nyua nyingi: katika vichwa vya kunyunyizia vilivyofukiwa baina ya nyasi, kimoja hakinyanyuki, cha pili kinadondoka tu, na pembeni mwa ua pana dimbwi ambalo jana halikuwako. Mwenye nyumba hukimbilia dukani kununua vichwa vipya, au humwita fundi, naye pengine huhukumu kwamba mtambo mzima hauna budi kufukuliwa. Mimi naona haraka hiyo ni hasara, kwani maji hufuata mkondo, na mwenye kutaka kujua yalipokwama hana budi naye aufuate mkondo huo tangu mwanzo wake.

Na aanze penye valvu kuu, aifungue taratibu ili maji yasiingie kwa kishindo; kisha aende kwenye kisanduku cha ardhini zilimo valvu za kila sehemu ya ua, aifungue moja kwa mkono. Ikiwa maji yanapita kwa mkono wala hayapiti kwa amri ya saa ya mtambo, basi lawama si ya mabomba bali ni ya umeme wake, ambao kwa kawaida ni wa volti 24 tu: ama waya umeoza kiungoni, ama koili iliyo juu ya valvu imeungua. Ikiwa maji hayakomi hata saa ikizimwa, shaka ya kwanza iwe ni chembe ya mchanga iliyonasa chini ya kiwambo cha valvu. Kichwa kimoja kikiwa dhaifu, chujio lake litolewe lioshwe. Lakini vyote vya safu moja vikidhoofika kwa pamoja, hapo ndipo pa kutafuta bomba lililopasuka, na nyasi zilizostawi kupita jirani zake zitatoa ushahidi kabla ya sururu.

Mimi nilifukua mahali kama hapo, nikakuta ufa wenye urefu wa kidole. Kipande cha bomba, viungio viwili na vibano vinne vikatosha. Ila ufa ule haukuwa wa Mei. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban sehemu 9 katika 100, na mabomba haya hulazwa karibu na uso wa ardhi, ambako jalidi ya Toronto huyafikia bila taabu. Mimi ndiye niliyeyaacha na maji tumboni vuli iliyotangulia.

Sisi tuliolelewa pwani tuna udhuru, kwa kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hata 1888, alipoleta maji ya chemchemi mjini kwa mabomba, hapakuwa na haja ya kuuliza mabomba yale yatapitishaje majira ya baridi. Lakini udhuru wa mgeni una muda wake. Fundi mwenye kompresa, aitwaye Oktoba ili ayapulize maji yote yatoke kabla ardhi haijaganda, hutuondolea kazi ya sururu ya Mei. Na anayengoja dimbwi limwonyeshe pa kuchimba, huwa amechelewa miezi saba.